Origine ya maharagi

Butembo, Jumatano

Niko nacheka peke yangu, mpaka bibi yangu anauliza kama niko mugonjwa.

Banasemaka inchi yetu ilipatana na bajirani: mufanyabiashara mudogo, kama bitu yake ilitoka kwetu, anaingia Uganda bila kulipa douane, ile kodi ya mupaka. Mais lazima kartasi ionyeshe ile bitu ilitoka wapi. Mara ya mwisho nilienda bila kartasi, faida yote ikabaki ku mupaka. Kama leo pia ningekosa, basi, biashara yangu ya maharagi ingekufa.

Ku Kasindi, ku mupaka, mama wa bureau ya douane ananipa formulaire ya kujaza. Naona «Origine», ni kusema asili. Ile neno najua tangu masomo! Nikaandika jina ya baba, jina ya mama, kijiji Vuhovi, dini mukatoliki.

Mama wa bureau akasoma, akashika kichwa.

«Papa, tunauliza origine ya maharagi, hapana yako!»

«Mama, ni moya tu. Ilitoka ku shamba ya baba. Tulizaliwa fasi moya.»

Akacheka mpaka machozi. Akanipa formulaire ingine, nikaandika muzuri, akapiga cachet, muhuri ya bureau. Magunia ikapita bila kulipa kitu.

Naogopa kidogo. Bakubwa banaweza badirisha ile mapatano, na sisi tunasikiaka nyuma. Mais leo roho iko muzuri.

Kitu moya tu. Carte yangu ya électeur, ile ya kura yenye inaonyeshaka mutu ni nani, ilifutika zamani, hata sura hapana onekana. Maharagi iko na kartasi ya muzuri kunipita. Safari ingine, kama banauliza mimi ni nani, maharagi ndio itajibu.