Faili la Nakato Ni Safi Mno

Jumamosi, saa tisa alasiri. Jua limekuwa kali tangu asubuhi na hapana hata upepo wa kutikisa pazia. Nimejifungia chumbani na simu yangu, nina hasira, na sijui nimkasirikie nani kwanza.

Nianze na kazi yangu, maana ndiyo iliyoniharibu. Mwaka wa kumi na moja sasa niko katika ofisi inayotoa mizigo bandarini. Naletewa makaratasi ya kontena na kuyasoma kana kwamba aliyeyaandika ni mwizi. Uzito huu mbona haulingani na ule? Mbona muhuri umepigwa pembeni? Mume wangu, Wafula, husema hata risiti ya unga naigeuza nyuma nione kuna nini. Anatania, lakini hasemi uongo.

Basi tulipoanza safari ya kuasili mtoto kutoka Uganda, sikumwamini mtu. Wafula ni mtu wa Busia, mpakani kabisa, na dada yake ameolewa upande wa pili. Huyo wifi yangu ndiye aliyetuambia kuna makao ya watoto, na kuna msichana wa miaka mitatu anayehitaji wazazi. Sisi tumekaa miaka tisa bila mtoto. Mengine ya miaka hiyo tisa sitayaandika leo.

Mtoto anaitwa Nakato. Faili linasema aliokotwa kituo cha mabasi akiwa peke yake, akaweza kutaja jina lake tu. Likatolewa tangazo na hakuna aliyejitokeza. Hana mzazi anayejulikana. Hana ndugu.

Nilimshuku wakili wa Kampala kwa sababu anajibu upesi. Nilimshuku msimamizi wa makao kwa sababu aliniita "mama" siku ya kwanza, kabla sijampa hata jina langu. Nilizishuku picha. Katika moja mtoto amevaa ndala kubwa kuliko miguu yake, nikakaa usiku mzima nikijiuliza ndala ni za nani. Bi Zuhura, mwenye nyumba wetu hapa nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, alinicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe mwanangu, hata malaika akishuka hapa wamtaka kitambulisho!"

Yeye ndiye aliyenituma Biashara Street nikanunue kanga ya kumpokelea mtoto. Nikamwomba muuzaji anikatie kipande kimoja tu, mtoto mwenyewe ni mdogo. Akaniangalia kama mtu aliyeshuka kwenye treni ya bara sasa hivi. "Kipande kimoja ukafanye nini, dada? Kanga ni doti." Nikachukua doti, nyekundu yenye mji mweusi katikati, vipande viwili vimeshikana bado. Nilikuwa niikate kesho Jumapili, kimoja kiwe shuka lake, kingine cha kumbebea mgongoni.

Na kusema kweli, nilikuwa nimetulia. Nilisoma faili lile mara nisizoweza kuhesabu, na halikuwa na doa. Wiki mbili zilizopita nikamwambia Wafula nimeridhika. Akapaka chumba kidogo rangi ya manjano siku hiyohiyo, na mimi nikaenda kuweka picha ya Nakato juu ya meza yangu ofisini.

Jumatano akaja Salongo.

Salongo ni mteja wetu wa Kampala, mwagizaji wa vipuri vya pikipiki, mtu wa kucheka kwa sauti. Nimeandika jina lake kwenye fomu miaka mingi. Alikuwa anasubiri karatasi zake zipigwe muhuri, akaona picha, akainama.

"Huyu nani?"

"Mwanangu," nikasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka neno hilo mbele ya mtu wa nje. "Anakuja hivi karibuni. Anaitwa Nakato."

Akapiga makofi. "Nakato! Sasa Babirye iko wapi?"

Nilidhani ananichanganya na mtu mwingine. Akanieleza huku akicheka, kama unavyomweleza mgeni. Kwao Waganda, wakizaliwa mapacha wa kike, anayetangulia huitwa Babirye na anayefuata huitwa Nakato. Mtoto aliyezaliwa peke yake hapewi jina hilo. Hata hilo Salongo si jina alilopewa na baba yake, ni cheo cha baba wa mapacha. Akatoa simu akanionyesha mapacha wake, wamevaa sare za shule. Kisha akachukua karatasi zake akaondoka na furaha yake, bila kujua ameniachia nini.

Faili linasema mtoto alitaja jina lake mwenyewe. Ukurasa wa pili.

Mimi ninayepima hata kina cha wino, nililiona jina hilo nikasema ni zuri.

Sasa nikiri. Kuanzia Jumatano sikumwambia mtu. Nilijitungia majibu. Labda pacha mwenzake alifariki. Labda alipewa jina la nyanya yake. Labda ni jina alilolisikia kwa jirani, na mtoto wa miaka mitatu anajua nini? Na fikra mbaya kuliko zote ilikuwa hii: nisingeiweka picha ile mezani, nisingejua. Nikaitoa nikaitia kwenye droo. Ofisini, nikijua kontena lina vitu viwili na karatasi inasema kimoja, halafu ninyamaze, nafukuzwa kazi siku hiyo, na ni haki yangu kufukuzwa.

Alhamisi nikamwandikia wakili kwa kuzunguka. Nikamuuliza kama jina mtoto alipewa na makao au alikuja nalo. Jibu likaja kabla sijaiweka simu chini: alikuja nalo, ni jina la kawaida tu, usijali.

Usijali. Nimeambiwa neno hilo na kila mtu ambaye baadaye nililifungua kontena lake.

Halafu shaka ikaingia nyumbani. Wafula alisoma miaka minne upande ule wa mpaka, tena akafanya kazi Jinja kabla hatujaoana. Kiganda anakijua cha kununulia na cha kugombania. Nikakumbuka siku nilipomsomea jina la mtoto kwa mara ya kwanza. Alilirudia taratibu, Nakato, kisha akasema anatoka kununua mkaa. Mkaa ulikuwepo, nusu gunia.

Leo asubuhi tulikwenda kununua fimbo ya pazia la kile chumba cha manjano. Tulikuwa tunarudi kwa upande wa Ngome ya Yesu, yeye kashika mbele, mimi nyuma. Nikamuuliza mgongoni, kwa sababu usoni nisingeweza.

"Babirye ni nani?"

Akasimama. Hakuuliza Babirye yupi. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba hakuuliza.

"Nilijua siku ya kwanza," akasema, bado kanipa mgongo. "Ningekwambia, ungelifunga lile faili."

Mwongoza watalii akatuomba tusogee wageni wake wapite, tukasogea na fimbo yetu kama watu wa heshima. Wageni wakatutabasamia. Mimi nilikuwa nataka kupiga kelele. Nilimwambia maneno njia nzima ya Ndia Kuu, kwa sauti ya chini, wauza vinyago wakijifanya wanapanga bidhaa. Nilimwambia ameninyima haki yangu. Nilimwambia huenda kuna mwanamke anatafuta mtoto wake, na sisi tunamnunulia pazia.

Hakujitetea. Alisema tu, "Labda mwenzake alikufa."

"Na kama hakufa?"

Akabeba fimbo peke yake mpaka nyumbani. Akaanza kuigongomea. Nikasikia nyundo, kisha nikasikia kimya, nikajua amekaa chini. Nilimwendea, mlangoni nikageuka. Nina haki gani ya kumsuta, na picha yangu imo kwenye droo? Yeye alinyamaza miezi, mimi siku tatu. Nilichomzidi ni kwamba nilichelewa kujua.

Sasa hivi amegonga mlango. Ana macho mekundu. Amesema ameshazungumza na dada yake, na Jumatatu asubuhi huyo dada atakwenda kwenye kile kituo cha mabasi akaulize kwa Kiganda, duka kwa duka, kama kuna anayemjua mama wa mapacha aliyepotelewa na mmoja. Kwa wakili, amesema, niandike mimi, maana yeye anaogopa atalainisha maneno.

Jumatatu alasiri wakili atatupigia simu ya video ili tusaini karatasi za kupelekwa mahakamani. Hatutasaini. Atakasirika, au atajifanya haelewi, na vyovyote vile nitaangalia uso wake vizuri. Huenda tukaambiwa kuna wazazi wengine wanamsubiri huyohuyo. Huenda Babirye akapatikana, na mama akapatikana, na kile chumba kikabaki cha manjano bure. Wafula ameniuliza tutafanya nini ikiwa hivyo. Nimemwambia basi Nakato ana kwao. Nimelisema hilo nikashika meza.

Na niandike na hili, maana nisipoliandika litaniozea ndani. Iko sauti moyoni mwangu inayoomba asipatikane. Nimeisikia leo mara mbili. Ni sauti yangu, si ya wakili wala ya Wafula, na Jumatatu ndiyo nitakayoishuku kuliko zote.

Kanga imo kabatini, sijaikata.

Ujumbe wa wakili nimekwisha kuuandika. Nimefuta salamu ndefu, nimefuta "samahani kwa usumbufu". Limebaki swali la Salongo, bila kicheko chake. Naligusa sasa liende.

Babirye yuko wapi?