Baba, Mimi Sisomei Utalii

Baba,

Hili sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si padri: mimi sisomei utalii. Sijausomea hata siku moja. Nasomea ufundi wa magari, na ukoo mzima nimekuwa nikiudanganya tangu wewe ulipokuwa bado hai, umelala kitandani.

Ilikuwa hivi. Siku ya kuripoti chuoni ulikuwa umeshashindwa hata kukaa. Ukanituma peke yangu na fomu uliyoijaza kwa mkono wako, na debe la mahindi limefungwa nyuma ya bodaboda, maana pale ada ni ndogo na chakula tunakuja nacho. Uwanjani kulikuwa na foleni mbili. Kwenye ile ya utalii mwalimu alikuwa anampandisha kila mmoja juu ya benchi ajitambulishe kwa Kiingereza, sauti ifike getini. Baba, unanijua. Kiingereza nakiandika vizuri, sekondari nilikuwa nawasahihishia wenzangu insha. Lakini kukitamka watu wakiniangalia mdomoni, siwezi. Walipobaki wawili mbele yangu nikahamia foleni ya pili, ya ufundi wa magari. Huko fundi mmoja mzee alikuwa anaandika majina bila kuinua kichwa. Akaniuliza jambo moja tu: "Mikono yako inaogopa grisi?" Nikatikisa kichwa. Akaniandika.

Nilirudi nyumbani nikiwa nataka kukuambia. Ukaniwahi. "Wamekupokea?" Nikasema wamenipokea. Ukafumba macho ukacheka, nami nikaona nisubiri hadi Ijumaa, nitakaporudi kutoka chuoni. Ijumaa ukaniambia nikutajie niliyojifunza, kwa Kiingereza. Nikakutajia vyuma vya injini, kimoja baada ya kingine, nawe ukawa unaitikia kwa kichwa kama mtu anayeonyeshwa wanyama kule kreta ya Ngorongoro. Ijumaa tatu tulifanya hivyo. Ya nne hukuwepo.

Naelewa kwa nini uliutaka utalii. Miaka yote ile ulichuma kahawa ya watu kando ya barabara inayopanda Ngorongoro, magari ya wageni yakipita na kukuachia vumbi. Ukirudi jioni unasema, "Dereva wa leo kanipungia mkono kama tajiri." Sawa. Lakini kwa nini ule wosia ulimwachia Baba Mdogo, mtu asiyejua kuongea kwa sauti ya chini? Siku ya kuanua matanga ndugu zako wamekuja na basi kutoka Singida, wajomba wa Mbulu wamejaa kwenye viti vya kukodi, akasimama akatangaza: "Marehemu amesema Mage amalize utalii. Atakayemkwamisha anagombana na kaburi." Watu wakapiga makofi. Msibani, Baba. Nani anapiga makofi msibani?

Tangu hapo sina amani. Shangazi alininunulia suruali ya kaki mnadani, na kofia yenye kamba ya kufunga kidevuni. Nikaivaa suruali chuoni, ikarudi na oili magotini. Nikamwambia Mama gari la mafunzo lilituharibikia porini. Wiki iliyofuata likaharibika tena. Sasa Mama anawaambia majirani kwamba kampuni za utalii zinanunua magari mabovu. Na Mama Rehema wa dukani, kila akiniona anapaza sauti wateja wote wasikie: "Mwongoza wageni, eti simba anazaa mara ngapi?" Nilimjibu, "Mara mbili." Sijui kama ni kweli. Sijui chochote kuhusu simba na nimechoka kuulizwa habari za simba.

Hata chuo chenyewe wanakidharau. Baba Mdogo anakiita kibanda, kwa vile kina madarasa matatu na karakana ya mabati, na ng'ombe wa jirani wanakatiza katikati tukiwa kwenye mtihani. Na kweli kinaudhi. Maji yanakatika. Spana namba kumi na tatu ipo moja, tunaigombania darasa zima. Gari la kujifunzia ni Landrova isiyo na milango. Kila darasa linaifungua yote na kuifunga, na haijawahi kutoka nje ya geti. Lakini wiki iliyopita wavulana walifunga gea boksi wakabaki na boliti tatu, wakazitia mfukoni kimyakimya. Fundi mzee akazitaka zile boliti, akaifungua upya, akanipa mimi niifunge. Haikubaki boliti hata moja. Lemali, mwenzangu wa kutoka Piyaya anayependa kunitania kwamba maneno yangu nayaweka benki, safari hii akanipangusia spana. Mzee akaizunguka Landrova mara mbili, akaniambia, "Washa wewe." Nikawasha. Ikanguruma, Baba. Nikacheka kwa sauti mbele ya watu. Mimi.

Nikatamani kufika nyumbani nimwambie mtu. Nimwambie nani? Kwa wanavyojua nyumbani, siku ile nilikuwa nimeshinda natazama tembo.

Sasa Baba Mdogo amefika mwisho. Kesho Jumapili, baada ya ibada, analeta mwenye kampuni moja ya utalii kutoka Karatu mjini aje ale kuku na kunisikiliza nikieleza ndege kwa Kiingereza. Amesema nikimuaibisha, chuo basi: Jumatatu naenda Baray kung'oa vitunguu. Hatanii. Mama ameshamfunga jogoo mguu.

Nimefikiria kuugua. Nimefikiria kukariri ndege. Jana niliazima kitabu, nikafika ndege wa nne, nikajikuta nalia, na si kwa huzuni. Ni hasira. Nimekukasirikia wewe, na wewe umelala pale nyuma ya migomba, huwezi hata kunigombeza. Kama ungeniuliza tu ninachotaka. Hapana. Ungeniuliza, nisingejibu. Ningetazama chini, ungeona aibu kunisukuma, ungejaza fomu ileile. Hilo ni langu, sio lako.

Basi nakuaga, Baba. Pumzika, na Baba Mdogo akija kaburini kunishtaki, usimjibu, atachoka mwenyewe. Ninachokuahidi ni hiki: chuo nitakimaliza, kwa foleni niliyoingia kwa miguu yangu. Na uongo wa Ijumaa zile tatu ndio wa mwisho uliousikia kwangu. Wa Mama nao unaisha leo.

Nasikia ndala zake uani. Amerudi shambani mapema. Tangu asubuhi kila nikisikia hatua naisukuma barua hii chini ya daftari. Sasa hivi mkono umeanza tena, nikauzuia. Mama anasoma polepole, kwa kidole, na huanzia juu kabisa, haruki hata neno. Amefika mlangoni, anakung'uta udongo miguuni.

Ukurasa wa kwanza nimeuweka juu ya daftari.