Marehemu Aliyebakizwa Kazini

Mume wangu, Baba Zuhura,

Assalamu alaykum huko ulikotutangulia. Jana nilipita kwenye lile shamba la mkonge nje ya Lindi tulikofanya kazi. Magugu yamelimeza, hakuna wa kukata. Katikati ya mistari nikasikia kama watu wanapumua, nikaharakisha miguu.

Unaikumbuka asubuhi ile, mwaka wa pili wa uhuru? Tulifika uwanjani tukakuta nyumba ya meneja iko wazi, mapazia yanapepea, sahani bado mezani, mwenyewe hayupo. Karani alishika karatasi iliyotoka ng'ambo, kwa wenye kampuni ambao hatukuwahi kuona hata kivuli chao. Hakutaja majina. Alisoma namba za vipande vyetu, zile kadi za kazi, za wale watakaobaki tu. Asiyeitwa, basi tena.

Wewe uliitwa. Mimi niliyekuwa naanika katani niliitwa. Kisha akasoma, "Themanini na nane."

Akarudia. Watu wakageuka kutazamana. Themanini na nane alikuwa rafiki yako Saidi, aliyevutwa na mashine ya kiwandani. Tulimzika kabla ya Ramadhani.

"Yupo au hayupo?" karani aliuliza, jasho likimtoka.

"Yupo makaburini," ukajibu. "Kampuni imembakiza maiti, imewafukuza wazima."

Kesho yake waliofukuzwa walikuja wakapanga mstari wao kando ya wetu. Karani aliwapita, macho yake yakiwavuka kana kwamba wao ndio waliokufa. Mzee Chilumba, aliyekata mkonge pale tangu ujana wake, alimsalimia, hakuitikiwa. Hapo uso wako ukabadilika. Ulitoka kwenye mstari wetu ukaenda kusimama kwao.

Nilikufuata nikakuvuta shati. "Baba Zuhura, wewe umebaki. Nyamaza."

"Iliyobaki ni namba, mke wangu. Mimi hawanijui."

Ukazunguka kambi nzima, mlango kwa mlango, kwa Wamwera, kwa Wamakonde, kwa Wamatumbi. "Mmoja mmoja watatupita kama upepo," ulikuwa ukiwaambia. "Tukikaa wote nyumbani, mashine haitajiendesha."

Hakuingia mtu kiwandani siku tisa. Ule ukimya ulitutisha kuliko kelele. Wanawake wenzangu waliapa wanaisikia mashine ikinguruma ilhali imezimwa. Siku ya kumi watu wa kampuni wakaja, wakaketi mkekani na kuanza kuuliza, "Wewe unaitwa nani?" Wengi walirudishwa kazini. Wewe uliyewakusanya hukurudishwa.

Tukahamia Nyangamara kulima, ujamaa ukatukuta hukohuko. Nami nilinuna, tena miaka. Kila mvua ilipotukimbia nilikutazama kwa jicho la lawama, ukawa unainamia jembe. Ulipofariki walikuja wanaume nisiowajua, wengine kwa miguu kutoka Rondo, wakagombania kulibeba jeneza lako. Ndipo nilipolia sawasawa.

Zuhura wetu sasa yuko kiwanda cha korosho. Juzi wenzake walimchagua awasemee kwenye kamati ya wafanyakazi, akaja kuniuliza afanyeje. Nimemwambia akubali. Alipoondoka nikachekecha unga uleule mara mbili. Sijui kama nimefanya vema, Baba Zuhura. Najua tu kwamba safari hii sikumvuta mtu shati.

Unisamehe. Mola akulaze pema, nami anipe moyo kama uliokuwa nao.

Mkeo,
Mama Zuhura