Mapumziko ya Injini

Geita, Jumanne, masika 1937

Bado nina hasira. Msimamizi wetu Mzungu anaamini kwamba mwanadamu ni mashine: ugali huingia, kazi hutoka. Mimi, mkalimani wake, huutafsiri upuuzi huo kwa ufasaha.

Asubuhi Masanja, mchimbaji wa dhahabu, alikuja akitetemeka kwa homa. Nilimwombea ruhusa. Nikasema ana roho, ana mke, ana mapacha. Msimamizi akajibu kwamba roho haichimbi.

Masanja akanivuta kanzu. “Mzee, mwulize, injini ya kusaga mawe ikipata moto hufanywaje?”

Nikauliza. Msimamizi akang'aka: “Huzimwa! Ikiendeshwa itapasuka. Nani hajui?”

“Basi mwambie anishike shingo.”

Msimamizi akamshika, akausikia moto, kisha akaamuru Masanja azimwe hadi Ijumaa, akae kivulini, atiwe maji.

Jioni mkewe, Mama Kulwa, alinipigia magoti kunishukuru. Niliona haya. Kwa hoja yangu ya roho, mumewe angekuwa shimoni.

Kesho nitamwombea ruhusa mchimbaji mwingine, anayekohoa. Nimekwisha kumwuliza fundi kama injini nazo hukohoa. Hukohoa, alhamdulillahi.