Redio Kando ya Mama

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Sisi wa Zinga hatujambo. Bibi yako yuko shambani anachimba mihogo.

Umeniuliza mbona moyo wako huenda mbio ukiiweka simu chini. Nilipokuwa mwandishi kijana, nilikuwa hivyo kwa redio. Nilihofia habari itanipita, na kadiri nilivyosikiliza ndivyo hofu ilivyozidi.

Siku mama yangu alipozidiwa na ugonjwa, dada yangu alitoka kumwita shangazi. Akaniambia, "Kaa naye, umtamkishe shahada." Nilikaa, redio sikioni. Mama akaniita.

"Ngoja, Mama, taarifa ya habari inaisha."

Ilipoisha, alikuwa ameshakata roho. Dada aliporudi akaniuliza, "Ulimtamkisha?" Nikasema ndiyo.

Habari za siku ile sikumbuki hata moja. Dada alikufa akiniamini. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Babu yako