Elektroni za Bandia na Nyayo za Ngazini

4 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo, ila Baba ana mafua na anataka kila mtu ajue. Habari za kazi?

Bibi anakusubiri. Macho yake yana ukungu, kwa hiyo husikiliza nyayo ngazini, husema, "Huyo ni binti yangu," kisha huenda kufungua. Juzi alimkumbatia msoma mita ya maji. Baba akamwomba aache, ataanguka. Bibi akamjibu, "Wewe nikikusikia siinuki, tulia."

Ulisema huji mpaka hesabu yako ikamilike. Imekwamia wapi? Nieleze polepole, nitaelewa.

Mpwa wako


19 Machi

Profesa wangu,

Marahaba. Nimecheka hadi jirani yangu wa meza akaniuliza kama niko salama.

Kazi yangu ni ileile ya Bibi. Mtambo wetu unagonganisha chembe, nasi tunahesabu elektroni zinazotoka. Lakini chembe nyingine huacha alama kama ya elektroni, nazo tunazihesabu kwa makosa. Siwezi kuzitambua mojamoja; naweza tu kukadiria ni ngapi. Natazama migongano ninayojua haina elektroni halisi. Chochote kinachoonekana kama elektroni pale ni bandia, basi napata kiwango cha makosa na kukitumia kwingine. Tatizo ni kwamba nikikijaribu kwa kundi jingine la migongano, hakilingani. Msimamizi hasaini, na bila saini hakuna likizo.

Shangazi yako


8 Aprili

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mafua ya Baba yamepona, sasa ni mgongo.

Nimeweka daftari mlangoni. Kwa kuwa uko mbali, kila "huyo ni binti yangu" ni kosa. Waliopanda ni themanini, Bibi amekosea mara ishirini. Robo. Lakini Jumapili majirani huvaa viatu vya visigino, na robo yangu ikawa ndogo mno. Nikatenganisha viatu. Visigino thelathini, kakosea mara kumi na nane. Ndala hamsini, mara mbili tu.

Samahani kama ni utoto.

Mpwa wako


2 Mei

Profesa,

Si utoto. Nilitumia kiwango kimoja kwa chembe zote, zenye nishati kubwa na ndogo. Nimezitenganisha kama viatu vyako, na makadirio yamekubali. Msimamizi alisoma habari za ndala mara mbili, akasaini huku anacheka.

Bibi usimwambie kitu.

Shangazi yako


17 Mei

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo tena, maana ile ya mlangoni sikuitoa kwa sauti. Naandika mezani, wewe uko chumbani kwa Bibi na nawasikia mnavyocheka. Nitaipitisha barua chini ya mlango, kwa sababu kusema mbele ya watu siwezi.

Asubuhi ndala zilipanda ngazi. Bibi akasema, "Huyo ni binti yangu." Nani anasafiri mbali hivyo kwa ndala? Niliandika "kosa", tena kwa wino, kabla Bibi hajafungua na kukukuta wewe.

Muda mfupi uliopita, ulipokwenda kuoga, Bibi aliniomba nimsomee ukurasa wa leo wa daftari. Nikasoma, "Ndala. Kosa."

Akauliza, "La nani?"

Mpwa wako