Mama Huunga Mifupa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limepunguza kelele zake. Kaka na mkewe hawajambo? Mimi huku sijambo kabisa. Nakula, nalala, na mashavu yamerudi.

Uliniuliza kwenye simu hayo maarifa ya asili tunayosomea chuoni ni kitu gani, nikababaika mpaka simu ikakatika. Sasa nikueleze kwa kituo. Tunasoma yale ambayo watu wanayajua bila kuyapata shuleni: kutunza mbegu, kugawana maji, kupatanisha majirani, na pia nani ana haki ya kuyaandika. Chumba chetu kiko juu ya maktaba. Kiti kimoja hakina mgongo, na anayechelewa ndiye hukikalia. Mhadhiri wetu ni mama wa makamo mwenye sauti ya chini, lakini akikutazama juu ya miwani unakumbuka hata kazi ambayo hukupewa.

Muhula huu alimwalika daktari wa mifupa aje mara mbili. Mara ya kwanza daktari alituonyesha picha za mikono iliyooza kwa kufungwa vibaya na waunga mifupa wa mitaani. Mama, picha zile hazitazamiki. Alisema watu hao hubahatisha tu, na kwamba angekuwa na uwezo angewafungia milango wote.

Wiki iliyofuata alirudi kusikiliza maoni yetu. Mhadhiri akauliza nani ana neno. Nikajikuta nimesimama.

“Mama yangu huunga mifupa,” nikasema. “Mwaka wa thelathini na mbili huu, na hajabahatisha hata siku moja.”

Daktari hakukasirika. Alivuta kiti akakaa, akaniuliza wewe unajuaje kama umekaza kitambaa mno. Nikamwomba mkono wake. Nikambonyeza ukucha mpaka ukawa mweupe, nikauachia, nikamweleza kwamba wewe hungoja damu irudi. Isiporudi upesi, unalegeza kitambaa, na unamkagua mgonjwa asubuhi na jioni hata kama anakaa mtaa wa pili. Akauliza kuhusu mfupa uliotoboa ngozi. Nikamjibu kwamba huo huugusi. Unaufunika kwa kitambaa safi na kumtafutia mgonjwa gari la kwenda hospitali, na ndugu wakisitasita unawagombeza mpaka wanapanda wote. Darasa likacheka, naye akacheka. Akakiri kwamba hayo ya ukucha ndiyo anayowafundisha wanafunzi wake.

“Waliopona kwa mama yako hawaji kwangu,” akasema. “Mimi huletewa walioharibika tu.”

Sasa anaomba ruhusa aje akae nawe kazini siku moja, mpatane ni mgonjwa gani apelekwe wapi, na mapema. Mhadhiri amesisitiza kwamba uamuzi ni wako, ukikataa hakuna wa kukulaumu, na halitaandikwa neno kabla hujasomewa ukaridhia.

Ningeweza kuishia hapa nikabaki shujaa, lakini moyo haunipi nafasi. Kaka, najua wewe ndiye unayesoma. Hapa usiruke mstari. Mama, siku ile ya kwanza daktari aliigiza muunga mifupa. Akafumba macho, akapapasa hewani, akaupuliza mkono kama anayepoza chai. Darasa zima lilicheka. Na mimi nilicheka. Tena kwa sauti, ili asije mtu akanishuku.

Si hilo tu. Nilipojiandikisha chuo, penye kazi ya mzazi niliandika mfanyabiashara. Nilikuonea aibu, Mama, wewe uliyeufunga mkono huu huu ninaoandikia nilipoanguka kutoka ukutani nikiwa na miaka saba. Nimebeba jambo hili miaka miwili. Naomba unisamehe.

Jana asubuhi nilikwenda ofisi ya usajili kurekebisha. Karani akapekua kompyuta, akasema kazi hiyo haimo kwenye orodha, nichague nyingine. Nikamwambia sichagui, na sitoki. Foleni nyuma yangu ikaanza kunung'unika. Mwishowe akaguna, akachukua kalamu, akaandika kwa mkono pembeni ya fomu: muunga mifupa. Akagonga muhuri. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita, akaniuliza kwa kunong'ona kama mama yangu hupokea pia bega lililoteguka tangu mwaka juzi.

Nikamwambia nitakuuliza. Basi, nakuuliza.

Wote walio hapo nyumbani wape salamu zangu, wakubwa kwa wadogo, nami nasubiri neno lako, liwe la ruhusa au la kunigombeza.

Mwanao akupendaye,
Kitindamimba wako